Kuacha gluteni nyumbani: anzia kwenye sufuria, si kwenye mkate

Mtu akishaambiwa hospitalini kwamba hatakiwi kula gluteni, awe Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, safari ya kwanza huwa ni ya supamaketi kutafuta mkate maalumu. Anaukuta mdogo, mkavu, na bei yake ni ya kilo kadhaa za mchele. Anarudi akiamini kwamba chakula chake sasa ni cha matajiri. Kumbe sehemu kubwa ya mapishi ya kwetu haina gluteni tangu shambani: ugali wa mahindi, wa mtama au wa muhogo, wali, ndizi, viazi, magimbi, maharage, choroko, samaki, nyama, mayai, nazi, karanga na mboga zote za majani. Kazi iko kwingine. Iko kwenye chai ya asubuhi, kwenye vitu ambavyo ngano huingia bila kutajwa, na kwenye vyombo ambavyo nyumba nzima inachangia.

Kwa hiyo ushauri wa makala hii ni mmoja: sufuria kubwa ya familia isiwe na gluteni, ngano iwe nyongeza ya pembeni kwa anayeitaka. Anayempikia mgonjwa kwenye sufuria ndogo ya peke yake, mara nyingi huchoka kabla ya mwezi kuisha.

Gluteni ni nini, na nani hasa aiache

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka iitwayo rye kwa Kiingereza), pamoja na jamii zake. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika na mkate ushike hewa. Wanaoambiwa waiepuke ni wa aina tatu, na wakichanganywa kila kitu huharibika.

Wa kwanza wana ugonjwa wa siliaki (coeliac). Wakila gluteni, kinga ya mwili hugeuka ikashambulia utumbo mwembamba. Vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hulala, na mtu akawa anakula huku mwili haupati kitu. Ndiyo maana dalili si kuharisha na tumbo kujaa gesi tu. Wengine huja na upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, wengine ni watoto wasiokua, wengine wana vipele vinavyowasha vibaya viwikoni na magotini. Wa pili wana mzio wa ngano: hawa huvimba, huwashwa au hubanwa pumzi, kwa kawaida ndani ya dakika au saa chache, na adui wao ni ngano, si lazima shayiri. Wa tatu husumbuliwa na tumbo wakila ngano ingawa vipimo vya siliaki na vya mzio havionyeshi kitu.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua jikoni kuwe na ukali kiasi gani. Wa aina ya tatu huenda akavumilia chembe za mkate kwenye siagi. Mwenye siliaki hapaswi kuzila hata kama hahisi lolote, kwa sababu utumbo unaweza kuharibika kimyakimya.

Siliaki humpata takriban mtu 1 kati ya 100 duniani, na huenda kwa damu: ndugu wa tumbo moja, wazazi na watoto wa mgonjwa wana uwezekano wa kama 1 kati ya 10. Akishagunduliwa mmoja, wengine nao wapimwe. Sababu yenyewe ilichelewa kujulikana. Kuanzia miaka ya 1920 daktari Sidney Haas wa New York aliwapa watoto wenye ugonjwa huu ndizi kwa wingi na kuwazuia mikate. Walipopata nafuu, aliamini tiba ni ndizi. Ni daktari wa watoto Mholanzi, Willem Karel Dicke, aliyeonyesha mwaka 1950 kwamba kinachoumiza ni ngano. Ndizi hazikuwa dawa. Zilikuwa zimechukua nafasi ya mkate tu.

Usiache kabla ya kupimwa

Hili ndilo kosa linalowagharimu wengi. Mtu anasikia kwa jirani kwamba ngano ni mbaya, anaiacha miezi mitatu, anapata nafuu, ndipo anakwenda kupima, na majibu yanarudi safi. Kipimo cha damu kinachotumika mwanzo, tTG-IgA, hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza ukiwa bado unakutana na gluteni. Ukiiacha, kingamwili hushuka na utumbo huanza kupona, kwa hiyo hata kipimo cha kamera, ambapo daktari huchukua vipande vidogo vya nyama ya utumbo, kinaweza kukosa ushahidi.

Kama ngano umeshaiacha, zungumza na daktari kuhusu kuirudia kwa muda. Kawaida ni kula chakula chenye gluteni zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa wiki 6 au zaidi kabla ya kupima. Usimfanyie mtoto jambo hilo bila usimamizi. Mwombe pia daktari apime IgA, aina mojawapo ya kingamwili, yote kwa jumla, kwa sababu baadhi ya watu mwili wao hautengenezi IgA ya kutosha, na hao tTG-IgA huweza kutoka safi kwa uongo.

Kiasi gani ni kingi?

Kanuni ya kimataifa ya vyakula, Codex, inaruhusu bidhaa kuitwa haina gluteni ikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Kwa mwili, wagonjwa wengi wa siliaki huvumilia hadi miligramu 10 hivi kwa siku. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina gramu 2 au zaidi za gluteni, yaani kama mara 200 ya kiasi hicho. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini kijiko kilichopakaza siagi kwenye mkate kisirudi kwenye kopo, na kwa nini kuutoa mkate juu ya supu hakuifanyi supu iwe salama. Moto nao hauiondoi. Kukaanga, kuchemsha na kuoka havivunji gluteni kiasi cha kumsaidia mgonjwa.

Ngano inapojificha

Chapati, maandazi, mkate, sambusa, keki, kaimati, biskuti na tambi kila mtu anazijua. Hatari iko kwa vile ambavyo mtu huapa kwamba ni salama.

Unga wa lishe ni wa kwanza. Wauzaji wengi huchanganya mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga, na ngano ndani yake, na uji huo ndio anaopewa mtoto mgonjwa ili apate nguvu. Nunua nafaka zako mwenyewe, ngano ikae nje.

Vitumbua ni vya mchele, lakini wapishi wengi hutia kijiko cha unga wa ngano vishikane. Bagia za kunde au dengu zinaweza kuwa salama zenyewe, ila zinakaangwa kwenye karai moja na sambusa. Unga wa viazi karai mara nyingi huwa na ngano. Katlesi hupitishwa kwenye chenga za mkate. Urojo wa Zanzibar huwekewa unga wa ngano ili supu yake iwe nzito, na bokoboko ni ngano yenyewe. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, kwa hiyo uliza mishkaki imelowekwa kwenye nini. Soseji nyingi zina ngano ya kujazia. Hingi ya unga (mvuje, kiungo cha harufu kali) inayouzwa kwenye maduka ya Kihindi kwa kawaida imechanganywa na unga wa ngano. Vinywaji vya kimea kwa watoto vina shayiri, na bia ya kawaida ni shayiri. Mbege, ya ndizi na kimea cha ulezi, haina shida hiyo.

Oti zina mkanganyiko wake, kwa kuwa madukani nazo huitwa shayiri. Oti zenyewe si ngano, lakini hulimwa, husafirishwa na husagwa pamoja nayo, hivyo pakiti ya kawaida haiaminiki. Hata zilizoandikwa hazina gluteni, subiri hadi hali itulie na umuulize daktari, maana wachache hudhurika nazo.

Kwenye pakiti tafuta maneno haya sita kama yalivyochapwa: wheat, barley, rye, malt, semolina, durum. Atta pia ni ngano. Pakiti ikisema haina ngano, haimaanishi haina gluteni. Inaweza kuwa na shayiri.

Halafu iko mashine ya kusaga ya mtaani, na hapa ndipo familia nyingi makini huanguka. Mahindi yako ni safi, debe lako ni safi, lakini aliyekutangulia amesagisha lishe yenye ngano. Ndani ya mashine, kwenye chujio na kwenye mfuko wa kitambaa unaopokea unga, hubaki unga wa aliyetangulia, na kilo zako za kwanza hutoka nao. Tafuta mashine inayosaga mahindi peke yake. Ukiikosa, nenda asubuhi mapema kabla ya foleni, uombe isafishwe, kisha pitisha kilo 2 au 3 za mahindi yako na uziweke pembeni kwa wanaokula ngano. Hapo hatari imepungua, haijaisha. Kwa mwenye siliaki kali ni afadhali unga wa kiwandani uliothibitishwa, au kusaga kidogo kidogo nyumbani.

Unga wa mchele haukusumbui kuutengeneza. Osha mchele, loweka saa 4, mwaga maji, utandaze kwenye kitambaa safi hadi ukauke juu huku ukibaki na unyevu kidogo, saga kwenye blenda, kisha chekecha kwa chekecheo laini. Zinazobaki juu zirudi kwenye blenda. Unga huu una unyevu, hivyo utumie siku hiyohiyo au uuweke kwenye friji.

Vyombo

Huna haja ya kununua jiko jipya. Sufuria za chuma na za alumini, sahani, vikombe na vijiko vya chuma vikioshwa vizuri kwa maji na sabuni vinafaa. Vya kutenga ni vile vyenye nyufa na matundu: mwiko wa mbao, kibao na mpini wa kusukumia chapati, ubao wa kukatia, chujio la tambi, chekecheo, na kikaango kilichokwaruzika. Mgonjwa awe na vyake, na uvitie alama kwa rangi ya kucha kwenye mpini ili hata dada wa kazi na wageni wavijue. Spiriti na dawa za kuua vijidudu hazisaidii, kwa sababu gluteni si mdudu; inatakiwa iondolewe kwa kusugua na kusuuza.

Unga wa ngano huruka. Ukikanda chapati za wengine, vumbi lake hutua kwenye meza na kwenye vyombo vilivyo wazi. Pika kwanza cha mgonjwa, kifunike, ukiondoe, ndipo ngano itoke kabatini. Ukiweza, kanda nje. Mafuta ya kukaangia maandazi yasitumike tena kwa chakula chake, hata yakichujwa.

Kula kwenye sinia moja kuna ugumu wake. Mikono iliyotoka kuvunja chapati ikiingia kwenye pilau, pilau la mgonjwa limekwisha. Apakuliwe kwanza, kwa mwiko safi, kwenye sahani yake, akae palepale mkekani na wenzake. Watoto huzoea upesi. Watu wazima ndio huona kama anatengwa.

Chapati ya mchele

Hii inahitaji maelezo kwa sababu ndiyo inayoliliwa zaidi, na ndiyo inayoharibika zaidi. Unga wa mchele ukikandwa kwa maji ya baridi hupasuka kama udongo mkavu, kwa kuwa hauna cha kuushika. Vitu viwili huziba pengo hilo. Kimoja ni maji yanayochemka: wanga huiva nusu, ukawa gundi. Kingine ni isabgoli, maganda ya mbegu yanayouzwa kwenye maduka ya dawa na ya Kihindi kwa ajili ya waliofunga choo. Hunyonya maji mengi na kuupa unga mvuto.

Kwa chapati 8 ndogo chukua unga laini wa mchele kikombe 1 na nusu, wanga wa muhogo nusu kikombe, isabgoli vijiko 2 vya kulia, chumvi robo tatu ya kijiko cha chai, mafuta kijiko 1 cha kulia, na maji kikombe 1 na nusu (mililita 375). Changanya vikavu. Chemsha maji na mafuta hadi yatokote hasa, yamwage yote kwa mara moja, koroga kwa mwiko, funika dakika 10. Likiwa bado na joto, donge likande dakika 5 hadi liwe laini. Likipasuka ukilibonyeza, ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja. Likinata mikononi, ongeza wanga kidogo. Pumzisha dakika 15 likiwa limefunikwa.

Sukuma kati ya vipande viwili vya nailoni safi vilivyopakwa mafuta, unene wa kama milimita 3. Tumia nailoni kuihamishia kwenye kikaango kilichokwisha pata moto. Iache hadi upande wa chini ukauke na kuanza kubadilika rangi, geuza, paka mafuta, geuza tena. Moto mdogo huifanya ngumu kwa sababu hukauka kabla ya kuiva.

Kingo zikipasuka, maji hayakuwa yanachemka au ni machache. Ikiwa mbichi katikati, ni nene mno. Ikikaza kama kadi baada ya saa moja, huo ndio mwenendo wa wanga wa mchele ukipoa. Zipange ndani ya kitambaa kwenye hotipoti zingali moto, na za jana zipashe kwa mvuke. Tabaka za chapati ya ngano usizitegemee. Haitafanana nayo, lakini kwa mchuzi wa maharage ya nazi hakuna atakayelalamika sana.

Asubuhi na sahani nyingine

Maandazi hatuyashauri. Yanawezekana, lakini hayavimbi na hunyonya mafuta. Vitumbua vinatosha kuchukua nafasi yake: loweka mchele vikombe 2 usiku kucha, chuja, saga na tui zito kikombe 1 na nusu, sukari nusu kikombe, iliki nusu kijiko cha chai, hamira kijiko 1 cha chai, na wali uliopikwa vijiko 3 vya kulia. Wali huo ndio unaofanya kazi ya kile kijiko cha ngano. Acha uumuke kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja. Mchanganyiko huohuo, ukiongezewa ute wa mayai 2 na kumiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, unakupa mkate wa kumimina, na siku ya kuzaliwa mtoto ana keki. Asubuhi nyingine ni viazi vitamu, mihogo, magimbi, mayai, au uji wa ulezi.

Mchuzi wa kuongeza uzito utie wanga wa mahindi kijiko 1 cha kulia uliokorogwa kwenye maji baridi vijiko 3, kwa kila vikombe 2 vya mchuzi. Karanga zilizosagwa na tui zito ni bora zaidi kwa ladha.

Madini yanayopotea na ngano

Kenya na Tanzania zinawataka wasagaji wa viwandani waongeze madini na vitamini kwenye unga wa ngano, yakiwemo chuma na asidi ya foliki. Ukiacha ngano na ukasagisha mahindi mtaani, hivyo vyote unavikosa, wakati mgonjwa ndiye aliyekuja na damu ndogo. Weka dagaa, maini, maharage na mboga za majani mara nyingi kwa wiki, kamulia limau juu yake, na chai ya rangi isogee mbali na mlo kwa saa moja hivi kwani huzuia chuma kufyonzwa. Ulezi una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, jambo la maana kwa mifupa. Wanaohamia kwenye sembe na wali mweupe tupu hufunga choo. Dona, mtama na kunde hutatua hilo.

Miezi ya mwanzo maziwa yanaweza kumsumbua mgonjwa, kwa sababu sehemu ya utumbo inayosaga sukari ya maziwa nayo imeumia. Mara nyingi uwezo huo hurudi utumbo ukipona. Maziwa mgando huvumilika mapema zaidi.

Nafuu isipokuja

Wengi huhisi tofauti ndani ya wiki chache, ila utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua mwaka na zaidi kupona. Kipimo cha damu hurudiwa baada ya miezi 6 na tena mwaka ukitimia. Kingamwili zisiposhuka, kabla ya kufikiria ugonjwa mwingine rudia nyumbani kwa utaratibu: unga umesagwa wapi, mafuta ya karai ni ya nani, viungo vya pakiti vina nini, shuleni mtoto anabadilishana nini na wenzake, dawa anazomeza zimejazwa na nini. La mwisho mfamasia atakuangalizia.

Kwenye sherehe na hotelini swali la gluteni halisaidii, kwa sababu mpishi hodari anaweza asilijue neno hilo na akajibu hapana kwa heshima. Muulize kwa majina ya vitu: humu kuna unga wa ngano? mmetia sosi ya soya? haya mafuta yamekaanga sambusa? Pilau, biriani, ndizi za nyama na samaki wa kuchoma kwa kawaida hupita, mradi mwiko uliopakulia haukutoka kwenye tambi.